Macho yangu huwa ya manjano nikikosa kula. Je, nina ugonjwa uliomuua baba mdogo?

Shikamoo Daktari,

Nina miaka 24. Sinywi pombe wala sivuti sigara. Tangu nilipokuwa shuleni, kila nikiugua mafua makali, nikikesha nasoma au nikishinda bila kula, sehemu nyeupe ya macho yangu huingia umanjano. Siumwi popote, labda uchovu kidogo. Nikila na kupumzika, baada ya siku chache macho yanarudi kama kawaida. Sikuwahi kulitilia maanani jambo hili.

Kisha baba mdogo akaugua. Alianza kwa kuwashwa mwili mzima, usiku halali. Mkojo ukawa wa kahawia ya giza, choo kikapauka hadi kuwa karibu cheupe, akakonda, na mwishowe akawa manjano kuanzia macho hadi ngozi ya tumbo. Hakuwa na maumivu, ndiyo maana alichelewa kwenda hospitali. Walimkuta na uvimbe kwenye kongosho. Miezi michache baadaye tukamzika.

Tangu msiba ule, nyumbani hakuna anayenisalimia bila kunichungulia macho kwanza. Mama ananichemshia mizizi ya kusafisha ini asubuhi na jioni. Shangazi amenitengea sahani na kikombe, anasema hajui nimebeba nini. Mchumba wangu hajanigeuka, ila wazazi wake wametaka nipime kabla ya mipango kuendelea. Nimepima. Bilirubini yote ni 52, ile ya moja kwa moja ni 8, vipimo vingine vyote vya ini viko sawa, na homa ya ini B na C sina. Aliyenikabidhi karatasi alisema, "Bilirubini iko juu, punguza mafuta," akaita mtu anayefuata.

Daktari, je, huu ndio ugonjwa wa baba mdogo unaoanza polepole? Naweza kumwambukiza mchumba wangu? Niendelee na mizizi ya mama? Na tukijaaliwa watoto, watarithi?

Mwenye Macho ya Njano

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Kwa ulivyoeleza, wewe na baba yako mdogo mmefanana rangi tu. Kilichonituliza kwenye karatasi yako ni ile namba ndogo, 8, ambayo inaelekea hakuna aliyejisumbua kukufafanulia. Mimi nitaifafanua kwa urefu, kwa sababu ukishaielewa utaweza kumjibu mama, shangazi na hao wakwe watarajiwa wewe mwenyewe.

Tuanzie rangi inakotoka. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Ikizeeka humezwa na seli maalumu, nyingi zikiwa kwenye wengu, nyingine kwenye ini na uboho. Ndani yake mna himoglobini, nayo huvunjwa vipande: protini inatumika upya, chuma kinawekwa akiba, na ile sehemu yenye umbo la pete iliyokuwa imekishika chuma, yaani hemu, inakatwa na kimeng'enya kiitwacho hemu oksijenasi. Pete ikikatika hutoka rangi ya kijani, biliverdini, pamoja na gesi kidogo ya kaboni monoksidi ambayo tunaitoa kwa pumzi bila habari. Kimeng'enya kingine kinaigeuza biliverdini kuwa bilirubini, ambayo ni ya manjano inayokaribia rangi ya chungwa. Ukiwahi kujigonga mguu, ukaona alama ikitoka zambarau, ikawa kijani, kisha manjano kabla ya kufutika, basi umeziona hatua hizi zikitokea chini ya ngozi yako.

Mtu mzima mwenye afya hutengeneza miligramu 250 hadi 300 za bilirubini kila siku. Takriban asilimia 80 hutokana na chembe nyekundu zilizozeeka. Iliyobaki hutokana na chembe zilizoharibika kwenye uboho kabla hata ya kuingia kwenye mzunguko, na protini nyingine zenye hemu, kama zile za misuli na za ini lenyewe. Kwa hiyo kuwa na bilirubini si kosa. Tatizo huja inapotengenezwa kwa kasi kuliko inavyoondolewa.

Na kuiondoa kuna kazi, maana bilirubini ikiwa mbichi haiyeyuki kwenye maji. Molekuli yake imejikunja, na zile sehemu ambazo zingeshikana na maji zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Damu kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo bilirubini husafiri ikiwa imeng'ang'ania protini ya albumini. Albumini ni kubwa, haipenyi kwenye chujio la figo. Shika jambo hili: bilirubini mbichi haitoki kwenye mkojo, hata iwe nyingi namna gani kwenye damu.

Ikifika kwenye ini, seli za ini huipokea na kuiunganisha na asidi ya glukuroni, ambayo ni sukari iliyogeuzwa kuwa asidi. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kimoja tu cha maana, UGT1A1. Likumbuke jina hilo, ndilo kiini cha barua yako. Baada ya hapo bilirubini inayeyuka kwenye maji, na pampu iliyo kwenye utando wa seli huisukumia kwenye vijirija vya nyongo. Nyongo hushuka hadi utumboni, na bakteria wa utumbo mpana wanaigeuza bilirubini kuwa urobilinojeni. Sehemu kubwa ya hiyo huishia kuwa stekobilini, ambayo ndiyo inayokipa choo rangi yake ya kahawia. Kiasi kidogo hufyonzwa tena, hurudi kwenye ini, na mabaki hupitia kwenye figo na kuchangia umanjano wa kawaida wa mkojo.

Sasa rudi kwenye karatasi yako. Mwaka 1916 daktari wa Uholanzi, van den Bergh, pamoja na mwenzake Müller, walieleza kwamba bilirubini ya watu wengine ilibadilika rangi papo hapo ikichanganywa na kemikali ya kipimo, na ya wengine ilikataa mpaka itiwe alkoholi. Ya kwanza wakaiita ya moja kwa moja. Ilichukua hadi miaka ya 1950 kwa wanakemia kuonyesha sababu: ile ya moja kwa moja ndiyo iliyokwisha kuunganishwa na asidi ya glukuroni, na inayohitaji alkoholi ni ile mbichi. Wewe una 52 kwa jumla, na 8 tu ndiyo iliyounganishwa. Hiyo 44 nyingine ni mbichi, haijapata zamu yake kwenye UGT1A1. Kiwango cha kawaida kwa kipimo hicho, mikromoli kwa lita, huishia kwenye 20 hivi, na macho huanza kuonekana ya manjano jumla ikifika kati ya 40 na 50. Macho hutangulia ngozi kwa sababu weupe wa jicho una protini ya elastini kwa wingi, na bilirubini huivamia sana.

Bilirubini mbichi ikizidi peke yake, mambo ni mawili. Ama chembe nyekundu zinavunjika kwa kasi kuliko kawaida, ama ini linaunganisha taratibu. Chembe huvunjika kwa malaria, seli mundu, upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kingamwili zinazoshambulia damu ya mtu mwenyewe, au kuongezewa damu isiyolingana. Mtu wa namna hiyo mara nyingi ana upungufu wa damu, wengu umevimba, na uboho unamwaga kwenye damu chembe changa zinazoitwa retikulosaiti ili kufidia. Ini zima lina akiba kubwa ya uwezo, kwa hiyo chembe kuvunjika peke yake ni nadra kuipandisha bilirubini zaidi ya 85.

Jambo la pili ndilo ninalokushuku nalo. Mwaka 1901 daktari Mfaransa Augustin Gilbert alieleza habari za watu wenye umanjano mdogo wa kuja na kuondoka, wasio na ugonjwa wowote wa ini. Hali hiyo ina jina lake hadi leo. Mwaka 1995 chanzo kilipatikana kwenye jeni la UGT1A1. Mwanzoni mwa jeni kuna eneo la kuliwasha, ambalo kwa kawaida lina herufi mbili za msimbo wa kijeni, TA, zilizojirudia mara 6. Wenye hali ya Gilbert mara nyingi wana 7. Herufi hizo mbili za ziada zinalifanya jeni lisomwe kivivu, na kimeng'enya kinabaki na uwezo wa karibu asilimia 30 tu. Asilimia hiyo inatosha siku za kawaida. Haitoshi ukiwa na homa, ukichoka sana, ukipungukiwa maji au ukikaa na njaa. Zamani madaktari waliitumia njaa kama kipimo: mgonjwa alipewa kalori 400 tu kwa siku, kwa saa 48, kisha wakatazama bilirubini inavyopanda. Wewe umejipima hivyo tangu shuleni bila kujua.

Watu kati ya 3 na 10 katika kila 100 wana hali hii. Huonekana zaidi kwa wanaume, na kwa kawaida hujitokeza baada ya kubalehe. Haigeuki kuwa ugonjwa wa ini wala saratani, na haifupishi maisha. Nakubali kwamba kusema "punguza mafuta" ni rahisi kuliko kueleza haya yote watu wakiwa wamepanga foleni, lakini kwako ushauri huo ulikuwa kinyume: kula kidogo ndiko kunakokupandishia bilirubini.

Sijasema ndiyo moja kwa moja, kwa sababu kuna kipimo ambacho hujakitaja. Rudi ukapime damu kamili pamoja na retikulosaiti, na waitazame damu yako kwenye hadubini. Kama huna upungufu wa damu, retikulosaiti ni za kawaida na vimeng'enya vya ini viko vilevile, shughuli imekwisha. Huhitaji kutobolewa ini, wala kulipia kipimo cha jeni.

Kwa baba yako mdogo mambo yalikuwa mengine kabisa. Mrija mkuu wa nyongo, kabla ya kuingia utumboni, hupita ndani au nyuma ya kichwa cha kongosho. Uvimbe ukikua pale, mrija unabanwa. Ini lake lilikuwa bado linaiunganisha bilirubini vizuri, ila haikuwa na pa kupita, ikarudi kwenye damu. Hiyo iliyounganishwa inayeyuka kwenye maji, basi figo zikaitoa, na mkojo ukawa wa giza. Utumboni haikufika, choo kikakosa rangi. Nyongo iliyozuiwa ndiyo huleta ule mwasho unaomnyima mtu usingizi. Bila nyongo, mafuta ya chakula hayafyonzwi vizuri, na vitamini K inayosafiri na mafuta hupungua, damu ikachelewa kuganda. Ndiyo maana madaktari wa upasuaji humchoma mgonjwa wa namna hiyo sindano ya vitamini K kabla ya kumgusa kwa kisu. Lau karatasi yake ingewekwa kando ya yako, ungeona sehemu kubwa ya bilirubini yake ni ile ya moja kwa moja, na vimeng'enya vya mirija ya nyongo viko juu sana.

Mrija unaweza kuzibwa na mawe ya nyongo pia, au hata na mnyoo aina ya askaris aliyepanda kutoka utumboni, na hapo kwa kawaida maumivu yapo. Umanjano usio na maumivu kwa mtu mzima anayekonda ndio unaonitia hofu zaidi, na watu huuvumilia kwa sababu hiyohiyo, kwamba hauumi. Mtu huyo afanyiwe altrasaundi ndani ya siku chache. Umanjano wenye homa, kutetemeka na maumivu upande wa kulia juu ya tumbo ni dharura ya saa, maana nyongo iliyotuama imeingia wadudu.

Katikati ya hayo mawili kuna seli za ini zenyewe kuugua: virusi vya homa ya ini kuanzia A hadi E, homa ya manjano inayoenezwa na mbu, pombe ya miaka mingi, dawa za kifua kikuu kwa baadhi ya watu, parasetamoli iliyomezwa kupita kiasi. Hapo vimeng'enya vinavyoitwa ALT na AST hupanda, wakati mwingine kwa maelfu, kwa sababu seli zinapopasuka humwaga vilivyomo. Kinachoshangaza wengi ni kwamba hata ini likiwa mgonjwa, kazi ya kuunganisha hudumu muda mrefu. Pampu ndiyo inayochoka mapema, kwani inasukuma bilirubini kuelekea mahali ambapo tayari imejaa, sawa na mtu anayesukuma gari kupanda mlima. Ndiyo maana wagonjwa wa homa ya ini nao hukojoa mkojo wa giza.

Wako wewe haukuwahi kuwa wa giza, sivyo? Hukuutaja. Kesho macho yakigeuka tena, utazame. Nguvu ya kipimo hicho kisicho na gharama huwa nashangaa inavyopuuzwa.

Swali la kuambukiza. Rangi haiambukizi, wala jeni halihami kwa busu. Tumtendee shangazi haki, hata hivyo, kwa sababu hofu yake haikuzuka hewani: homa ya ini A na E husambaa kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na hapo usafi wa mikono na vyombo una maana. Ila hizo huja mara moja na kupita. Hazimfuati mtu tangu shuleni hadi miaka 24. Homa ya ini B na C husambaa kwa damu, na B zaidi kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Sahani haihusiki, na wewe umeshapimwa huna. Kama hujachanjwa homa ya ini B, chanjwa, wewe na mchumba wako pia. Nenda naye siku ya kuchukua majibu ya damu. Maneno ya daktari yakisikiwa na wawili hayapotoshwi njiani, naye atawaambia wazazi wake kwa kauli yake.

Mizizi, acha. Ninajua inavyokuwa vigumu kumkatalia mama aliyetoka kumzika shemeji yake, kwa hiyo usimwambie kwamba dawa yake haifai. Mwambie daktari ameomba usinywe kitu chochote kabla ya vipimo, kisha majibu yakitoka mketi mwelezane. Kwenye ini lako hakuna uchafu wa kusafisha. Kuna mitishamba inayoharibu seli za ini, na siku ALT yako ikipanda tutashindwa kujua tumlaumu nani. Anachoweza kukufanyia, na atakifurahia, ni kuhakikisha hushindi na njaa.

Dawa za kawaida unaweza kutumia kwa vipimo vyake, parasetamoli ikiwemo. Ila daktari yeyote atakayekuandikia dawa mambo yakiwa mazito aambiwe una Gilbert. Atazanaviri, inayotumika dhidi ya virusi vya UKIMWI, hukizuia kimeng'enya hichohicho na kuzidisha umanjano. Irinotekani, dawa ya saratani, hutolewa mwilini kupitia kimeng'enya hicho, na kwa watu kama wewe inaweza kuleta madhara makubwa isipopunguzwa.

Kuhusu watoto: hali hii kwa kawaida huhitaji nakala mbili za jeni hilo, moja ya baba na moja ya mama. Kama mchumba wako hana hata moja, watoto wenu watabeba nakala yako tu na hawataona lolote. Akiwa nayo moja, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu kuwa kama wewe.

Ila mkunga aambiwe mapema, kwa sababu ya wiki za kwanza. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga waliotimiza miezi huwa manjano kwa siku chache. Wana chembe nyekundu nyingi zenye maisha mafupi, UGT1A1 yao bado haijakomaa, na utumbo wao huitengua bilirubini iliyounganishwa na kuirudisha kwenye damu. Jeni la Gilbert linaweza kuongeza kidogo juu ya hayo. Bilirubini mbichi inapenda mafuta, na ikizidi sana kwa mtoto mchanga huingia kwenye ubongo na kuuharibu daima. Tiba yake ya mwanga ilianzia hospitali ya Rochford, Uingereza, miaka ya 1950, baada ya muuguzi kugundua kwamba watoto aliowatoa nje kwenye jua walipungua umanjano pale ngozi ilipopigwa na mwanga. Mwanga wa buluu huibadili molekuli umbo, ule mkunjo unafunguka, nayo ikatoka bila kupitia UGT1A1. Nyumbani lakini usitegemee jua la dirishani: mtoto apimwe, kisha hospitali iamue kama anahitaji taa.

Mtoto akigeuka manjano ndani ya saa 24 za kwanza, akiwa mlegevu na hanyonyi, au umanjano ukipita wiki 2, apelekwe. Na choo chake kikiwa cheupe, hapo mirija ya nyongo huenda haikuumbika au imeziba, na upasuaji wake hufanikiwa zaidi kabla ya miezi 2. Huyo apelekwe siku hiyohiyo, hata kama kila mtu nyumbani anasema amefuata macho ya baba yake.